Kengele ya Magharibi: Kisa cha Kiwanda cha Barafu Malindi

Nilipofungua kasha la king'ora nilikuta kimeshindiliwa kipande cha gunia. Hakikuwa takataka iliyoletwa na upepo. Mtu alikuwa amekikunja vizuri, akakisukuma kwa bisibisi mpaka kikaenea mdomo mzima. Nikakitoa, nikakiweka juu ya meza ya mwenye kiwanda, tukakitazama sote wawili. Gunia lile, kwa hesabu yake, lilikuwa limemlia tani moja na nusu ya nguru na jodari, na kijana wa zamu aliyelitia alikuwa ameshafukuzwa kazi.

Kiwanda chenyewe si kikubwa. Kiko Malindi, upande wa Shela, karibu na bahari kiasi kwamba chuma hakikai mwaka bila kutoa kutu. Kinatengeneza barafu ya wavuvi na kuhifadhi samaki wanaosubiri lori la Mombasa, kilomita 120 hivi kusini. Kina vyumba viwili vya baridi, kompresa mbili, na kisima cha ufukweni ambamo pampu huvuta maji ya bahari ya kupozea mtambo. Jengo ni la zamani, kuta zake za mawe ya matumbawe, unene karibu nusu mita. Naomba ukuta huo ukumbukwe, tutaurudia.

Paneli ya kengele ina madirisha 16. Kila dirisha lina taa na maandishi yake: joto la chumba cha kwanza, joto la chumba cha pili, presha ya mafuta, maji ya kisima, na mengineyo. Mambo yakiwa salama, swichi ya kila mtambo huwa imefunga na volti 24 za DC, umeme wa upande mmoja kama wa betri, zinapita. Swichi ikifunguka, taa humweka na king'ora hulia, na dirisha hukumbuka hata kama hitilafu imepita, mpaka mtu abonyeze kitufe. Aliyechagua mpangilio huo alijua kazi, maana waya ukikatika hujitangaza wenyewe. Lakini una gharama yake: lolote litakaloziyumbisha zile volti 24, hata kwa kitambo kifupi kuliko kupepesa jicho, paneli italiona ni hitilafu.

Na paneli hii ilikuwa ikiona hitilafu kila siku. Dirisha moja, mara matatu, mara sita kwa pamoja. Wafanyakazi walikuwa wakikimbia wakakuta kompresa inanguruma vyema na samaki wamekauka kama mawe. Baada ya miezi ya namna hiyo nani angelaumu gunia? Mwezi wa kumi, usiku mmoja, kompresa ya chumba cha kwanza ilijizima. Joto likapanda pole pole, taa ikamweka katika chumba kisicho na mtu, king'ora kikakoroma ndani ya gunia. Asubuhi chumba kilikuwa nyuzi 5 chini ya sifuri badala ya 18.

Muuzaji mmoja wa vifaa alikuwa ameshapita kabla yangu. Alitazama, akatikisa kichwa, akasema paneli imezeeka, akaandika bei ya paneli mpya: laki tatu na nusu. Mwenye kiwanda akaniita nimfungie hiyo mpya ikifika.

"Bosi," nikamwambia, "kabla hujatoa pesa, nipe wiki moja."

"Wiki moja ya nini, fundi? Kitu kimekufa."

"Ya kuhakikisha kwamba kimekufa."

Daftari la mzee

Zamu ya usiku sasa ilikuwa ya mzee mmoja aliyewahi kuwa mvuvi, mtu wa maneno machache. Nikamsalimu, tukaketi. Nilipomuuliza kengele hulia lini, hakunijibu. Aliingia kibandani akatoka na daftari la shule, lile la mistari mipana, lililopindana kwa unyevu. Alikuwa ameandika kwa penseli kila mlio tangu alipopewa zamu: siku, saa, dirisha gani.

Nimefanya kazi hii miaka mingi na nimelipwa kuweka mitambo ya kurekodi ambayo haikunisaidia kama daftari lile. Nikapitisha kidole: 12:21 jioni. 12:19 jioni. 12:02 asubuhi. 12:22 jioni. 12:03 asubuhi. Ilikuwa Novemba, jua linazama hapa kwetu mnamo saa kumi na mbili na dakika 10 hivi.

"Hiki kitu hakipendi magharibi, mwanangu," akasema. "Adhana ikishatoka, watu wamesimama kuswali, ndipo kinapoanza. Na alfajiri ikishapambazuka tena kinalia. Unazijua saa hizo ni za nani."

Nazijua. Sisi tuliolelewa pwani tuliitwa ndani saa hizo, na nyanya yangu hakutaka hata nguo ziachwe kambani. Lakini palikuwa na mstari mmoja katika daftari uliosema 11:52 jioni, na pembeni mzee ameandika: *wingu zito, mvua*. Nikauzungushia duara. Jini halitazami wingu. Kitu kinachotazama wingu ni jicho la taa za nje.

Ua wa kiwanda una taa kubwa nane za kuwakia wapakiaji wa lori. Zinawashwa na jicho la mwanga lililofungwa juu ya ukuta. Kiza kikiingia jicho huvuta kontakta, ile swichi kubwa inayovutwa kwa sumaku ya umeme, na kontakta huwasha taa. Na kontakta hiyo, nilipofungua kabati, niliikuta imefungwa shubiri moja chini ya paneli ya kengele, nyaya zake zimelazwa katika mfereji mmoja na nyaya za volti 24, zimekazwa pamoja kwa vibanio vya plastiki. Kazi safi sana kwa macho. Aliyeifanya alipenda unadhifu, na unadhifu ndio uliotuponza.

Vipimo viwili vya bei rahisi

Kabla ya kugusa lolote nilitaka kujua kama ugonjwa uko ndani ya paneli au uko njiani. Nikachagua madirisha manne yenye sifa mbaya kuliko yote. Nikazitoa nyaya zake za nje, na mahali pake nikafunga vipande vya waya vya urefu wa kidole, kutoka terminali hadi terminali, kana kwamba swichi nne zimefunga milele. Nikamwambia mzee aendelee kuandika.

Siku mbili, magharibi mbili, alfajiri mbili. Madirisha mengine yalilia kama kawaida. Yale manne hayakusema neno. Paneli ileile, umeme uleule, kabati lilelile. Kwa hiyo ile ya laki tatu na nusu ingefungwa, ingeunganishwa na nyaya zilezile, na magharibi ya kwanza ingelia.

Kipimo cha pili nilikifanya saa tano mchana. Nikapanda ngazi mpaka kwenye jicho la mwanga, nikamwomba mzee anirushie kofia yake, kofia ya kiua iliyofuliwa ikawa nyeupe kabisa. Nikalifunika jicho. Sekunde chache, kontakta ikagonga, taa zikaanza kuwaka. Hakuna mlio. Nikaifunua kofia, kontakta ikaachia, na papo hapo paneli ikalia madirisha matatu. Nikaifunika nusu nusu, kama jua linavyozama, jicho likawa linasita: linavuta, linaachia, linavuta. Paneli ikawaka kama harusi.

Mzee alikuwa amesimama chini na kichwa kitupu. "Kumbe ni kofia," akasema. Tukacheka mpaka machozi.

Kwa nini koili hupiga teke

Koili ya kontakta ni waya mrefu uliosokotwa juu ya chuma. Umeme ukipita, koili huwa imejaza nguvu ya sumaku. Ukikata umeme ghafla, nguvu ile haina pa kwenda, na koili hupigana kuuendeleza mkondo kwa kupandisha volti zake yenyewe. Koili ya volti 240 inaweza, kwa kitambo cha sehemu chache za milioni za sekunde, kutupa zaidi ya volti 1,000, na cheche ndogo kwenye ncha za swichi iliyoikata. Ndiyo maana mlio ulikuja zaidi kontakta ilipoachia kuliko ilipovuta, na ndiyo maana alfajiri ilikuwa na mlio mmoja, ila magharibi, jicho likisitasita, ilikuwa na mingi.

Pigo lile liliingiaje kwenye waya wa jirani ambao haukugusana nao? Kwa njia mbili. Nyaya mbili zilizolala sambamba ni kama sahani mbili za kapasita, kifaa cha kuhifadhi chaji ya umeme, na mabadiliko ya ghafla ya volti hurukia upande wa pili. Na mkondo unaobadilika ghafla hutoa uga wa sumaku, uga ukipita ndani ya kitanzi cha waya hukizalisha volti. Kitanzi kikiwa kikubwa, hukusanya zaidi.

Na hapa vitanzi vilikuwa vikubwa kweli. Fundi wa kwanza, kwa kubana matumizi, alipeleka waya mmoja kwa kila swichi lakini akarudisha waya mmoja tu wa pamoja kwa swichi zote 12 za chumba cha mitambo, na waya huo wa kurudi ameupitisha ukuta wa pili wa chumba. Umeme unakwenda kwa mlango wa mbele unarudi kwa mlango wa nyuma. Chumba kizima kimekuwa kitanzi. Waya wa kwenda na wa kurudi wangesokotwa pamoja kama kamba, kila msokoto ungeufuta msokoto uliotangulia, na kitanzi kingekuwa si kitu.

Tiba ilianza kwenye chanzo. Juu ya koili ya kontakta, moja kwa moja kwenye skrubu za A1 na A2, nilifunga rezista, yaani kizuizi cha mkondo, ya omu 100 ikifuatana na kapasita ya mikrofaradi 0.1 iliyotengenezwa kwa kazi ya AC, umeme wa kwenda na kurudi kama wa laini, yenye alama ya X2. Pigo la koili hupata humo pa kumalizikia. Kwenye relei, zile kontakta ndogo, za volti 24 za DC nikaweka daiodi 1N4007, inayopitisha umeme upande mmoja tu, mstari wake ukielekea chanya. Mtu akiugeuza mstari huo, atachoma fyuzi kabla hajala chakula cha mchana. Vitu vyote hivi havikufika gharama ya mlo wa watu wanne.

Halafu nikaihamisha kontakta kabisa, ikapewa kasha lake upande mwingine wa ukuta, na nyaya za swichi nikazivuta upya kwa kebo za jozi zilizosokotwa, kila swichi na jozi yake. Hiyo ndiyo iliyokula siku nne.

Redio ya mzee, na kosa langu

Magharibi ikatulia. Lakini dirisha la joto la chumba cha pili liliendelea kulia ovyo, bila saa maalumu, na hapa nilijikwaa mwenyewe.

Kihisi cha joto hakitumi swichi. Kinatuma mkondo, miliampea 4 hadi 20. Hiki kilipimwa kwa nyuzi 40 chini ya sifuri hadi 10 juu yake, kwa hiyo miliampea moja ni zaidi kidogo ya nyuzi 3. Chumba kikiwa nyuzi 18 chini ya sifuri mkondo ni takriban 11, na kengele imewekwa nyuzi 15 chini, yaani miliampea 12 kamili. Basi nafasi kati ya usalama na mlio ni miliampea moja tu. Kelele ndogo inatosha.

"Redio yangu hukoroma mashine ya pili ikiongeza kasi," mzee alinidokeza siku moja tukinywa kahawa. "Ya kwanza haina neno."

Nikamwomba redio. Ilikuwa ndogo ya betri mbili, nikaiweka kwenye mawimbi ya kati ya AM, mahali pasipo na stesheni, nikatembea nayo kando ya trei ya kebo. Karibu na kompresa ya kwanza, kimya. Karibu na kebo ya kompresa ya pili, ilipiga kelele kama samaki anayekaangwa. Nikaifuata kelele mita kwa mita mpaka kwenye ukuta wa matumbawe, na pale kwenye tundu la ukuta redio karibu ipasuke.

Kompresa ya pili ilibadilishwa miaka michache nyuma ikawekewa draivu ya kudhibiti kasi. Draivu hugeuza volti 415 za AC kuwa DC, karibu volti 590, kisha huzikatakata mara maelfu kwa sekunde ili kumdanganya mota aone wimbi analolitaka. Kila mkato ni mkali, hupanda kwa muda usiofika sehemu moja ya milioni ya sekunde. Kebo ya mota ilikuwa ya kawaida, haina skrini. Na ilipofika ukutani, fundi aliona tundu lipo tayari, lile la kebo ya kihisi, akapenyeza humohumo. Simlaumu sana. Kutoboa nusu mita ya tumbawe kwa nyundo na patasi ni adhabu. Lakini kwa nusu mita ile, pamoja na mita 20 za trei baada yake, kebo mbili zilikuwa zimekumbatiana.

Kebo ya kihisi ilikuwa na skrini, ile foili inayozizunguka nyuzi na waya wake mtupu pembeni. Skrini ile ilikuwa imekatwa pande zote mbili, haikufungwa popote. Skrini isiyofungwa popote ni pambo. Kelele inaruka juu yake kisha inaruka ndani. Nikafurahi, nikajua nimepata. Nikaifunga kwenye ethi, yaani waya wa ardhini, upande wa paneli, na kwa bidii yangu nikaifunga pia kwenye fremu ya chumba cha baridi.

Ikawa mbaya zaidi. Sindano ya joto ikawa haitulii hata draivu ikizimwa.

Nililala na aibu hiyo usiku mmoja. Asubuhi nikaifungua ncha ya chumbani na kupima kati ya waya wa skrini na fremu: volti 1.8 za AC. Ethi ya paneli na ethi ya fremu hazikuwa sawa, na mimi nilikuwa nimeziunga kwa foili nyembamba inayopita kando ya nyuzi za kihisi, mkondo wa hezi 50 ukawa unatembea humo mchana kutwa. Nikaiacha imefungwa upande wa paneli peke yake, ncha ya chumbani nikaifunika kwa mpira. Sindano ikatulia draivu ikiwa imezimwa. Draivu ikiwaka, ilitikisika kidogo tu.

Nikafuata chanzo cha zile volti 1.8. Kishikizo cha nondo ya ethi nje ya ukuta kilikuwa kijani kibichi, shaba imeliwa na chumvi, skrubu inazunguka bila kukaza kitu. Udongo wetu wa karibu na bahari ni mzuri kwa ethi kwa sababu ya chumvi, na chumvi hiyohiyo ndiyo inayokula viungo. Kishikizo kipya, grisi, na volti 1.8 zikashuka chini ya 0.2.

Yaliyobaki yalikuwa ya kebo ya mota, na hapa kanuni inageuka, jambo ambalo mafundi wengi hubishana nami. Kebo ya mota ya draivu inataka skrini nene, nayo ifungwe *pande zote mbili*, kwenye draivu na kwenye mwili wa mota, kwa glandi, kile kishikio cha kebo cha chuma, inayoishika skrini mzunguko mzima, si kwa mkia wa waya uliosokotwa. Sababu ni kwamba kila mkato wa draivu husukuma mkondo kupitia kapasita ya mota hadi kwenye mwili wake wa chuma, na mkondo huo lazima urudi kwenye draivu ulikotoka. Usipoupa njia, utajitafutia: kwenye trei, kwenye mabomba, kwenye skrini ya jirani. Skrini ya kebo ya mota ni njia ya kurudi nyumbani. Skrini ya kebo ya kihisi ni mwavuli. Anayezipa kanuni moja ataharibu mojawapo, kama nilivyofanya mimi.

Tukatoboa tundu jipya. Siku nzima, vijana wawili kwa zamu, vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Kebo mpya ya mota ikapita huko, mbali na ya kihisi kwa sentimita 30 au zaidi kote inakokwenda, na mahali pamoja inapolazimika kuivuka, inaivuka kwa pembe mraba. Nikashusha pia masafa ya kukata ya draivu kutoka kilohezi 8 hadi 4. Mota sasa inalia kama mbu, lakini mbu huyo hasumbui kihisi.

Dirisha lililokuwa kimya

Kufikia hapo mwenye kiwanda alikuwa ameridhika, na kwa haki ningeweza kuchukua pesa zangu. Lakini nina tabia moja: sikabidhi paneli kabla sijaifanya kila kengele ilie kwa kweli, kutoka kwenye mtambo wenyewe, na mitambo yote ikiwa inafanya kazi. Madirisha 15 yalilia. La maji ya kisima halikulia.

Nilishuka kisimani, nikalishika boya kwa mkono, nikalishusha kama maji yamekwisha. Swichi ikafunguka, nikaisikia. Juu, kijana akaniambia kwa simu, "Kimya, fundi." Nikamwambia azime pampu. "Inalia!" Nikamwambia aiwashe. Ikanyamaza.

Hili lilinishtua kuliko mayowe yote ya magharibi. Kengele inapolia bure, angalau watu husikia. Hii ilikuwa inanyamaza bure.

Kebo ya kisimani ina nyuzi saba na urefu wa mita 140. Nyuzi mbili zilikuwa za boya, volti 24 za DC. Siku fulani mtu alihitaji kuipelekea kontakta ya pampu amri ya volti 240, akaona nyuzi zipo bure, akazitumia. Nikaufungua waya wa boya kwenye paneli nikaupima: mita ya dijitali ikasoma volti 110 za AC, kwenye waya ambao swichi yake imefunguka na hauunganishwi na chochote. Nikagusisha balbu ndogo ya wati 15. Haikuwaka hata nyuzi yake haikuwa nyekundu, na volti 110 zikatoweka. Ni volti za mzuka, zinazojaza mita lakini hazina nguvu ya kazi.

Hazina nguvu ya balbu, ila ya paneli zinayo. Kebo za namna hii huwa na takriban pikofaradi 100 kwa kila mita kati ya uzi na uzi; kwa mita 140 ni nanofaradi 14. Kwa umeme wa hezi 50 hiyo ni sawa na kikwazo cha omu 227,000 hivi, na volti 240 zitapitisha humo miliampea moja. Mlango wa paneli hii, yaani terminali zinazopokea ishara ya swichi, hupokea AC na DC bila kubagua, na kijitabu chake kinasema utahesabu swichi imefunga maadamu inapita zaidi ya nusu miliampea. Basi pampu ikiwa inazunguka, amri yake ya volti 240 ikiwa hai ndani ya kebo, paneli ilikuwa inaambiwa daima kwamba maji yapo. Na aliyeijaribu zamani bila shaka aliijaribu pampu imezimwa, akasaini.

Nikarudi kwenye daftari la zamu la usiku wa hasara, si la mzee bali la kiwanda. Kompresa ilijizima kwa presha kubwa, saa tano usiku. Nikatazama jedwali la maji kupwa na kujaa: ilikuwa bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida, na bahari imekupwa kabisa saa hizo. Kisima kilikauka, pampu ikavuta hewa, kompresa ikakosa kupozwa, swichi yake ya usalama ikaizima kama ilivyopaswa. Kengele ya kwanza iliyostahili kulia, kabla ya joto kupanda hata nyuzi moja, ilikuwa ya maji ya kisima, na hiyo haikuzibwa na gunia.

Nilimweleza mwenye kiwanda. Akakaa kimya, kisha akauliza, "Kwa hiyo yule kijana?"

"Gunia alilitia, bosi. Lakini hata asingelitia, kengele ya maji isingelia."

Kijana alirudishwa kazini wiki iliyofuata. Waliongea nini hayanihusu.

Siku hiyohiyo niliweka rezista ya omu 2,200, ya wati moja, kati ya terminali mbili za mlango ule. Miliampea moja ya mzuka ikipita humo inazaa volti 2 na kitu, paneli haizioni. Boya likifunga, volti 24 zinapita kama kawaida. Ilikuwa ya kuvusha siku. Dawa yenyewe ilikuwa kebo mpya ya nyuzi nne kwa ajili ya boya peke yake, katika bomba lake, na ile ya nyuzi saba ikaachiwa pampu.

Wapo wanaoniuliza kwa nini sikuongeza tu muda wa kusubiri ndani ya paneli, sekunde mbili au tatu, kelele zote zikachujwa. Kwa joto la chumba niliongeza hata dakika tano, kwa sababu mlango ukifunguliwa wakati wa kupakia joto hupanda na kushuka lenyewe. Lakini presha ya mafuta siwezi kuipa dakika. Na muda wa kusubiri usingeligusa hata kidogo lile dirisha la maji. Lenyewe lilikuwa na shida ya kunyamaza.

Daftari la mzee kwa miezi miwili iliyofuata lina milio mitatu. Mmoja ni mlango wa chumba cha kwanza ulioachwa wazi na wapakiaji. Mmoja ni umeme wa laini uliokatika mji mzima. Wa tatu ni maji ya kisima, saa nne usiku, bamvua. Mzee aliamka, akazima pampu, akasubiri bahari irudi.

Juzi nilipita kuangalia. Fundi wa mabomba akanisimamisha karibu na kisima. "Fundi, ile kebo yako mpya ina nyuzi mbili zimebaki bure. Si zingefaa taa ya hapa kisimani?" Nikaenda kwenye paneli, nikazifunga zote mbili kwenye baa ya ethi. Kisha nikashuka kisimani na koleo, nikazikata fupi kabisa, usawa wa ganda la kebo.